Mama Nani

Benchi ni la mbao, limesuguliwa na miaka ya makalio
mpaka linang'aa kuliko sakafu.
Kila Jumatano hutupokea kumi na mmoja.
Anapoitwa wa mwanzo, sote husogea nafasi moja,
tukakalia joto la aliyetangulia.

Nilifungua faili nikiwa na miaka thelathini na nne.
Lilikuwa la manjano. Sasa lina rangi ya chai,
na jina langu limeandikwa kwa kalamu tatu
maana lilipotea mara mbili,
likapatikana mara moja, chini ya birika la karani.
Mwaka wa kwanza mashine ilikuwa imeharibika.
Wa pili mashine ikapona, wauguzi wakagoma.
Wa tatu sikumbuki. Nilishona sana.

Daktari, kijana wa viatu vya mpira,
alichora mirija miwili nyuma ya risiti,
akaikata kwa mstari mmoja. "Imeziba."
Mimi ni fundi cherehani.
Najua uzi unapogoma kuingia tunduni:
unalamba ncha, unasogea dirishani penye mwanga,
unajaribu tena.
Nikamuuliza, mwanga uko wapi?
Akafungua kalenda.
"Novemba."

Kwa Musembi walitaka kichupa kifike
kabla saa moja haijapita.
Kutoka Kariobangi! Na mvua ile ya Aprili!
Alikitia kwapani, chini ya koti la marehemu babake,
akaja mbio na mkono mmoja umebanwa
kama kuku aliyevunjika bawa.
Askari wa lango akamhurumia:
"Pole mzee, majeruhi ni upande ule."
Usiku tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Kisha tukanyamaza,
kila mtu na kipande chake cha dari.

Mama mkwe hupiga simu kutoka Mwala
kuuliza habari ya mvua.
Ni mvua tu anayouliza.
Huiuliza hata Januari.

Na mtaani, mgeni akitaka kunijua:
"Wewe ni mama nani?"
Majirani wamenitafutia njia, wakaniita Mama Yunifomu.
Nashonea shule mbili.
Nakijua kiuno cha kila mtoto wa darasa la kwanza,
na upindo huwa naacha mpana, vidole vinne,
kwa sababu watoto hukua, wanasema wazazi,
hukua ukiwa umegeuka tu kidogo.

Ila hapa benchini mimi ni Nyaboke.
Yule ni Wangechi, yule Sadia, yule Nafula.
Tunaitana tulivyozaliwa.

Ujia ni mmoja: kushoto wajawazito, kulia sisi,
katikati mlango wa choo.
Juni, Nafula alivuka.
Hakutuaga. Tulimwona tu Jumatano moja, kushoto,
ameugeukia ukuta kana kwamba ametuibia kitu.
Alituachia mto niliomshonea kwa mabaki ya sare.
Nikaingia chooni, nikalia,
si sana, mtu asije akakosa zamu.
Nikanawa.
Nikauchukua ule mto, nikamwekea mgongoni.
Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao,
kisha ukalegea.
Hakuna aliyesema neno.

Leo amekuja msichana, faili bado la manjano.
Ameuliza kama itachukua muda.
Wangechi amekohoa.
Sadia ameitazama saa ya ukutani,
ambayo tangu nianze kuja hapa inasoma saa nne na dakika kumi.
Nami nikamuuliza kama amekuja na chakula.
Akatikisa kichwa.
Nikammegea kiazi kitamu, kingali vuguvugu.
"Kaa. Unaitwa nani?"
"Mama..." akaanza, kwa mazoea ya kujikinga,
kisha akasita,
akalitafuta mdomoni kama kitu alichokimeza zamani.
"Kerubo."
Mlango ukafunguliwa. Wa pili!
Tukasogea.