Uzito wa Asali

Daktari hakujua kuwa baba ni mrina asali.
Alisema tu: "Maji mepesi yanamponyoka, yanashika njia ya mapafu.
Kila anachokunywa kiwe na uzito wa asali."
Baba akacheka kwa upande mmoja wa uso,
ule ambao kiharusi kiliuacha.

Wiki ya tano sasa, mpira puani,
uji unapita pasipo ulimi kuulizwa.
Kidakatonge, mlinzi wa njia panda,
amesinzia zamuni.

Leo Dativa ameleta kimashine,
kidogo kuliko ile redio ya kijani iliyobaki Ipole.
Sponji mbili, maji ya chumvi, mkanda wa raba.
Moja juu ya sikio la kushoto,
nyingine juu ya jicho la kulia.
"Umeme wenyewe hauwashi hata taa," anasema.
"Unabisha hodi tu ubongoni.
Siwaahidi kitu. Wapo walioitika,
wapo waliobaki kimya."

Dakika ishirini.
"Unasikiaje, mzee?"
Anatafuta neno, analiokota vipande vipande:
"Nyu... ki."
Mikono iliyopanda mitundu usiku na kienge cha moshi,
ikaumwa mpaka ikazoea,
imelala juu ya shuka la hospitali,
kidole kimoja kikihesabu sijui nini.

"Sasa meza. Kwa nguvu. Tena."
Kikoromeo kinatetemeka, kinapanda nusu, kinarudi.
Anakohoa mpaka machozi.
Nje treni ya Mpanda inapiga honi.
Tena.

Siku ya tatu, hola.
Siku ya sita alipaliwa, midomo ikageuka rangi,
nikamchukia Dativa na waya zake.
Siku ya tisa sikuona muujiza.
Niliona ngozi ya shingo
ikipanda, ikisita, ikishuka,
na kijiko kikawa kitupu.
Huenda ni umeme. Huenda ni siku tu zimetimia.
Dativa aliandika namba, akafuta, akaandika tena.

Usiku ndipo nilipohisi taya zinaniuma:
kila alipomeza, nami nilimeza,
kinywa kitupu, kijiko baada ya kijiko,
kana kwamba tuna koo moja.

Chupa ya asali ya Ipole
imo mkobani, chini ya kitanda, haijafunguliwa.
Sikumwambia.
Lakini nimeona jicho lake linakokwenda.