Nani Aliliacha

Insha ishirini na sita juu ya meza ya jikoni,
Oruro, saa nne usiku, hita ya gesi inakohoa.
Nimevaa glovu zilizokatwa vidole
ili kalamu nyekundu isiniteleze.

Ya kwanza ni ya Fortunato Ayaviri.
Kurasa mbili, sentensi moja.
Anaamka anakunywa chai anamfuata baba yake sokoni
wanauza betri wanauza soksi mvua ya mawe inapiga turubai
nami msomaji nakimbia nyuma yake
bila pahali pa kuweka mguu.
Namwekea nukta baada ya soksi.
Hapo, Fortunato. Pumua.
Mji wetu uko juu mno, hewa ni ya kupimiwa;
mapafu yako yanajua nukta ni nini
kuliko kitabu changu cha sarufi.

Ya nne imejaa "ni dhahiri kwamba"
na "katika ulimwengu wa leo".
Nafuta, nafuta. Chini yake namkuta lama mmoja,
mguu umevunjika, amesimama kwenye theluji.
Lama huyo ndiye insha.
Kumbe alikuwapo muda wote.

Ya kumi na moja ni ya Eusebia Colque.
Mwandiko umenyooka, koma zimekaa
kama vifungo vya shati la Jumapili.
Anasimulia safari yetu ya Agosti, jangwa la chumvi:

"Orodha iliandaliwa. Jina langu liliachwa.
Basi liliondoka. Siku ilipita."

Hakuna kosa hata moja.
Hakuna mtu hata mmoja.

Kila mwaka nawaambia, nikigonga ubao:
kitenzi kina mwenyewe, mtafuteni.
Glasi haivunjiki tu, kuna kiwiko.
Pesa hazipotei tu, kuna mfuko.
Basi nikachora pembeni ile alama yetu ya kuulizia,
iliyopinduka, kichwa chini,
tunayoitanguliza mbele ya swali
ili mtu asijifanye hakulisikia likija:

¿Nani aliliacha?

Nikaona nimefundisha.
Nikanywa chai ya majani ya koka, nikalala.

Jumatatu akanirudishia karatasi.
Hakuinua macho. Alifunga zipu ya begi,
akaifungua, akaifunga tena.
Alikuwa amesahihisha kama nilivyotaka,
mtenda mbele, kitenzi nyuma yake:

"Profesa Nélida aliandika orodha.
Profesa Nélida aliliacha jina langu
kwa sababu mama hakulipa boliviano arobaini.
Profesa Nélida hakuniuliza.
Nilisimama langoni mpaka basi likapinda kona."

Nilitafuta kosa. Haki ya Mungu, nilitafuta.
Kijineno kimoja tu kingenisitiri,
"labda", "kwa bahati mbaya",
ukungu wowote wa kujibanza.
Msichana alikuwa ameufuta wote,
kwa mkono niliouzoeza mimi.

Nikaanza kuandika chini yake:
"Makosa yalifanyika..."

Nikajiona.

Darasa zima lilikuwa linanakili methali ubaoni,
chaki inalia, mtu anapenga kamasi.
Nikakata. Nikaandika upya:
"Nilikosa."
Ile nukta haikutaka kukaa.
Mkono ulidai koma, ulidai "lakini",
lakini orodha ilikuwa ndefu,
lakini mkuu wa shule alitaka hesabu kabla ya saa sita,
lakini, lakini, mfano wa Fortunato na soksi zake.
Nikaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Eusebia akasoma, akaikunja karatasi mara nne.
Hakusema ahsante, wala sikuistahili.
Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida,
basi la mwakani lina viti vingapi.