Kusikia

Wiki nzima mama alisema ni samaki.
Nani anakaanga samaki usiku wa manane hapa Pasua?
Ndekusara, jirani, yuko Rombo msibani,
jiko lake lina kufuli tangu Jumatatu.

Baba hakusikia kitu.
Yeye aliyeonja kahawa kiwandani miaka ishirini na minane,
aliyenusa konzi moja ya buni
akasema, "Hii imenyeshewa njiani kutoka Machame,"
tangu ile homa ya mwaka juzi pua yake ni pambo.
Alikaa chini ya taa inayokonyeza
akasema umeme wa siku hizi ndivyo ulivyo.

Nikaja na testa na bisibisi ya mpini mwekundu,
mimi, binti niliyekataa ualimu.
Kwanza macho: kava jeupe, juu ya breka ya tatu,
limepata rangi ya jino la mvuta sigara.
Kisha sikio: mlio mwembamba,
nyuki ndani ya kiberiti.
Kisha mgongo wa kiganja, bila kugusa chuma.
Ya kwanza baridi.
Ya pili baridi.
Ya tatu ina homa.

Ni Julai, baridi ya mlima imeshuka hadi mitaani,
na hita ya kuogea, jiko na pasi
vyote vinanyonya hapo hapo.

Nilizima meni swichi. Friji ikashusha pumzi.
Tochi ya simu mdomoni, nikafungua kava:
waya umeungua nusu shubiri,
ganda lake linabanduka kama la ndizi ya kuchoma.
Na skrubu, niliyodhani imeganda kwa moto,
ilizunguka kwa ukucha wangu.

"Niliikaza," baba akasema. Nyumba hii aliifunga waya mwenyewe,
mwaka tisini na moja, Jumapili baada ya Jumapili.
"Uliikaza, baba.
Lakini kila hita ikiwashwa waya hutanuka, ikizimwa hunywea.
Miaka yote hiyo. Hata skrubu huchoka."

Akaokota kipande cha ganda, akakileta puani,
akavuta pumzi ndefu kama zamani mezani kwenye vikombe.
Mama akasimama mlangoni. Tukasubiri.
"Sisikii."

Nikaing'oa breka, nikamwekea kiganjani.
"Na hapo?"
Akaifumbata gizani, muda mrefu.
"Nasikia," akasema. "Nasikia.
Tafuta mshumaa, mama yako asijikwae."