Zamu ya Vibao

Saa mbili asubuhi jua linatokea Raskazone,
halipigi hodi. Linakanyaga mafaili,
linapanda meza ya Bi Mwanamvua mpaka kwenye kikombe.
Miaka minne tulilijibu kwa kiyoyozi:
kikakoroma, tukavaa masweta, Tanga hii!
na kila Alhamisi luku ikalia
kama kifaranga aliyeachwa na mama.

Bwana Shekiondo akasema, ongezeni pazia.
Tukaongeza. Pazia likawaka kama sufuria,
limelishika jua likiwa ndani tayari,
mwizi aliyekamatwa uvunguni: mlango ameshauvunja.

Ndipo akaja fundi Semkiwa, suruali vumbi la mvule.
Akapima nje.
"Kivuli," alisema, misumari mdomoni,
"huwekwa upande wa jua, si upande wa mtu."
Vibao kumi na vinane kila dirisha,
akaviunga kwa ufito mmoja,
akanishikisha mimi, tarishi,
kama anayekabidhi funguo za ghala.

Sasa nina kazi isiyomo kwenye barua ya ajira.
Saa mbili nainamisha vya mashariki.
Saa sita navilaza, jua liko juu ya bati, halituoni.
Saa tisa navuka ukumbi, upande wa Muheza,
naziba, naacha upenyo wa kidole
karani asome tarakimu bila kuwasha taa.
Mwezi wa sita jua huegemea Mombasa,
mwezi wa kumi na mbili huegemea Pangani;
nami nahama nalo.

Mkono ulijua kabla yangu.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
mama alikuwa na dirisha la vibao vya kijani.
Nilikuwa mfupi, nikipanda juu ya kinu.
"Funga jua, acha upepo."
Nilidhani ni kitu kimoja, hakigawanyiki.
Nyumba tuliiuza. Walionunua wakatia alumini.
Vibao sijui viliishia wapi,
labda vilipikia futari ya mtu.

Wiki hii luku imevuka Jumatatu.
Bwana Shekiondo hakusema neno;
alivua sweta, akalitundika kwenye swichi ya kiyoyozi.

Kibao cha saba kutoka juu kinakwama.
Fundi amesema kesho. Kesho ya fundi.
Kila saa tisa uzi mmoja wa jua unapita hapo,
unatua mezani kwa Bi Mwanamvua,
naye husogeza kikombe,
chai isipoe.