Mara Ngapi

Lugha yetu inasema *kupiga* picha.
Miaka kumi na moja nimelitamka neno hilo Temeke
bila kulisikia,
hadi Kondo, umri miaka sita, wa Mbagala Kizuiani,
alipomuuliza mama yake mlangoni pangu:
"Ananipiga kwa nini?"

Kifuani nina beji ndogo ya plastiki.
Kila miezi mitatu inakwenda kupimwa,
narudishiwa namba: umekula mionzi kiasi hiki.
Mtoto hana beji.
Anachokula yeye hakina karani,
na mwili wake una miaka sabini ya kukikumbuka.

Bi Mwantumu alikuja na hela ya kikoba kwenye simu.
Makamasi ya kijani wiki ya pili,
usiku mtoto anakoroma kama jenereta ya jirani.
"Nataka ile kubwa, ya duara. Hizi ndogo hazioni."
Nikasoma fomu. *Sainasi*, na alama ya kuuliza
iliyopinda kama ndoana.
Nikampigia daktari. (Simu nayo tunaipiga.)
Akanyamaza kidogo, kisha: maji ya chumvi puani,
siku kumi, asipopona arudi.
Mama akaondoka amenuna,
kana kwamba nimemnyima mwanawe haki yake.

Walirudi siku ya sita, usiku,
jicho la kushoto limefura, halifunguki.
Hapo sikubishana na fomu.
Nikashusha namba za mashine,
nusu ya mtu mzima, kisha nusu ya ile nusu.
Kuanzia juu ya nyusi hadi meno ya juu, basi.
Shingo haikuwa na kesi, nikaiacha nje.
Mama nikamvisha aproni ya risasi,
akashtuka kwa jina, akashtuka tena kwa uzito.
Kondo nikampa mchezo:
atakayetikisika kwanza atapika chai.
Akaganda.
Pete ikazunguka mara moja.

Picha ikatoka na chengachenga
kama ukuta usiopigwa lipu.
Dokta Kisamo akakunja uso: "Mbona ina mchanga?"
Nikamwonyesha kwa kalamu:
mfupa mweupe, hewa nyeusi, usaha wa kijivu,
na hapa ndipo ulipotoboa kwenda jichoni.
Akainama. Akaona.
Akaita chumba cha upasuaji.

Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na binti
aliyelia, akatikisika, nikarudia.
Akalia tena. Mara nne,
kwa namba za mwanamume wa kilo themanini,
na picha ya nne wote tuliisifu.
Jina lake sikuliandika popote.
Sasa nina daftari la shule, la mistari,
na ukurasa wa kwanza ni wake, mtupu.
Ukurasa wa leo: *Kondo, 6. Moja.*

"Umeshanipiga?"
Nimeshakupiga.
"Mbona haiumi?"

Nilikuwa namfungua mama yake ile risasi begani.
Nikajifanya fundo limenishinda.