Pini Tatu

Kuldīga, Januari haina huruma:
ukumbi wa dansi umeganda hadi kwenye bawaba,
na Velta anaingia, sanduku begani,
hajavua glavu, hajasalimu mtu,
anakwenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani
kuipapasa kama mkunga.

"Kwanza zima. Zima kila kitu.
Shusha vitelezi vyote mpaka chini,
ndipo uchomeke.
Spika ziwe za mwisho kuamka
na za kwanza kulala."
Hiyo ndiyo sala niliyofunzwa nikiwa na miaka kumi na tisa.
Nyingine sizikumbuki.

Chaneli ya kwanza: Ināra,
anayesimama mbali na maiki kana kwamba inang'ata.
Ya pili: dada yake, anayeimeza.
Ya tatu na ya nne, kodiani ya Ojārs,
mkono wa kulia na mkono wa kushoto,
maana ni watu wawili wasiosemezana.
Ya tano na ya sita, kwaya.
Ya saba haina mtu. Ya saba hukwaruza;
Velta kaibandika plasta ya kidonda.

Na ya nane
ni kokle, nyuzi kumi na moja mapajani mwa bibi Skaidrīte,
sauti nyembamba kama barafu ya kwanza mtoni Venta.
Kila maiki huikanyaga ikapasuka,
isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikaa ndani ya soksi ya sufu.
Tumboni mwake utepe wa alumini,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
ukining'inia kati ya sumaku mbili
kungoja pumzi.
Baba yake Velta aliiokota siku redio ya Riga ilipotupa vya zamani,
akavua soksi yake mwenyewe, akaivisha,
akapanda basi na mguu mmoja mtupu.

Sasa sikiliza, maana hili sijawahi kulisema.

Waya una pini tatu:
ya ardhi, ya moto, ya baridi.
Ya moto na ya baridi hubeba neno lilelile,
moja wima, moja kichwa chini,
na uchafu wa njiani ukizidandia zote mbili sawasawa,
mwisho wa safari unajifuta wenyewe,
neno linabaki.
Niliupenda uzuri huo nikadhani nimeujua.
Usiku wa kuamkia onyesho nililehemu waya jikoni kwa mama,
mkate mkono mmoja,
na tone la lehemu likaiunga ardhi na moto.
Sikupima.
Kipimio kilikuwa mfukoni.

Maiki za kwaya hula umeme,
volti arobaini na nane zinazopanda waya kinyumenyume,
na mikisa ile ya zamani ina kitufe kimoja kwa wote.
"Chekundu usikiguse mpaka nirudi," alisema Velta,
akatoka kuvuta sigara.
Kwaya ilikuwa imeshajipanga. Walinitazama.
Nikabonyeza.

Tik.

Tu. Kama mtu aliyemeza mate.

Aliporudi akapandisha kitelezi cha nane,
Skaidrīte akagusa uzi,
na kokle ikasikika kama imefunikwa kwa mto.
Velta akaufuata waya kwa vidole hadi mwisho,
akaifungua plagi, akaliona tone.
Akaniona mimi.
Majuto ni mjukuu, husema watu;
yangu yalizaliwa palepale, na meno.

Tuliweka maiki ya kawaida.
Ukumbi ulijaa, makofi yakapigwa,
bibi mmoja alilia kwenye wimbo wa tatu.
Hakuna aliyejua. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Usiku tulikunja nyaya,
mzingo mmoja juu, mmoja chini,
bila kuuzungushia kwenye kiwiko.
Velta alitamka neno moja tu njia nzima:
"Pima."

Na ile maiki aliirudisha kwenye soksi,
akafunga kwa uzi uleule, fundo lilelile,
polepole,
asije akaumiza kitu.