Anakisiwa

Pikipiki ilikuwa moja.
Waliipanda wawili, mwenyewe hana habari,
kutoka Mkunazini mpaka ukuta wa Mnazi Mmoja,
na ukuta ndio uliowasimamisha.

Mimi nilikuwa mezani pangu,
daftari, kalamu ya buluu,
chai ya tangawizi inapoa.
Kazi yangu ndiyo hiyo: linatajwa jina,
naandika jina.

Wa kwanza Suud, wa Vuga.
Sijauliza kitu, ami yake keshafika
na bahasha, na cheti cha kuzaliwa
kimevikwa plastiki kama picha ya harusi.
Miaka kumi na sita na miezi miwili.
Askari akamvutia kiti.
"Mtoto wa watu huyu," akasema, "kapotezwa."
Hakusema kapotezwa na nani.
Macho yalimalizia.

Wa pili Gervasi Likwata, wa Machui.
Babu yake kazikwa Machui,
baba yake kazaliwa Machui,
naye bado anaulizwa,
"Kwenu hasa wapi?"
Cheti hana.
"Umezaliwa lini?"
"Mama anasema kwenye kile kiza."

Kile kiza! Nani Unguja asiyekijua?
Miezi mitatu waya wa chini ya bahari umekufa,
majenereta yanaguruma vichochoroni,
maji hayapandi, mafriji yananuka,
na mimi nipo Mwembeladu, kitandani,
mkunga kauma tochi kwa meno
anampokea Ruzuna wangu.

Ruzuna ana miaka kumi na tano.
Jana kalia kwa ajili ya kalamu za rangi.

Hesabu nilikuwa nayo vidoleni.
Askari hakuhesabu, alitazama.
Alitazama mabega yaliyobeba matofali,
alitazama viganja, ndevu mbili tatu,
na rangi. Tusifichane,
alitazama rangi.
"Andika: anakisiwa kumi na minane."
"Afande, lakini kile kiza..."
"Karani. Andika."

Nikaandika.
Nina mwandiko mzuri, tangu skuli nasifiwa.
*Anakisiwa.* Neno lenyewe lina adabu,
limetenda na mtendaji hayumo ndani yake.
Chumvi ya mchuzi hukisiwa.
Ukizidisha, unaongeza maji.

Aliyeshika usukani alikuwa Suud.
Hilo sikuliandika.
Sikuulizwa.

Suud alirudi kwao kabla ya magharibi,
ami kamshika bega, shauri lake likangoja
kwenye mahakama ya watoto,
mlango umerudishwa, jina halitajwi.
Gervasi alisimamishwa na wakubwa,
jina likasomwa kwa sauti,
mara mbili, maana hakimu lilimshinda kutamka,
na watu nyuma wakacheka kidogo.

Akapelekwa Chuo cha Mafunzo.
Sisi hapa jela tumeipa jina la chuo,
na ulimi umeshazoea.
Pale kwenye ngazi mdogo wake,
msichana wa miaka saba au minane
(na mimi nakisia sasa),
alivuta kanga ya mama yake:
"Kaka akimaliza chuo,
atapewa cheti?"

Mama hakujibu. Alikuwa ananitazama mimi,
si kwa hasira. Kama mtu anayejaribu kukumbuka
wapi tulionana.

Labda Mwembeladu. Labda kitanda cha pili,
yule aliyekuwa akiuma kanga asipige kelele,
tochi ikahama kwangu ikaenda kwake,
mwanga ule ule mmoja.
Sijui. Kulikuwa na kiza.

Daftari lipo rafuni, ukurasa wa ishirini na saba.
Siku nyingine, wenzangu wakienda kula,
nalifungua.
Wanasema wino ule haufutiki.
Sijajaribu.